Sikio, Mfuko na Wepesi

Wazazi wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa sura mbalimbali. Huyu, mwanawe anataka iyafoni zisizo na waya, na bei yake yatosha kulipa ada ya chuo miezi kadhaa. Yule, binti yake hulipa kila mwezi ili asikilize taarabu kwenye simu, na bando haifiki wiki. Wa tatu ana kasha la kaseti za marehemu babake, naye ataka kujua azitupe au azihifadhi. Kiini cha maswali haya ni kimoja: mtu anayetaka kusikiliza akiwa njiani, kazini au kitandani, atoe pesa kiasi gani, apate sauti nzuri kiasi gani, na akubali taabu kiasi gani?

Kabla ya kuingia ndani, niweke kando jambo moja. Khitilafu ya wanavyuoni juu ya ala za muziki ni ya kale na vitabu vyake vipo. Anayetaka hukumu na amwendee sheikh wake. Hapa sitoi fatwa. Nazungumza juu ya chombo na sikio, na hayo yanamhusu msikilizaji wa udi na gambusi sawasawa na yanavyomhusu msikilizaji wa kisomo na mawaidha, kwa kuwa mashine haijui kupambanua baina ya viwili hivyo.

Wazee wetu hawakuwa na swali hili. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo zake, kilichorudi Unguja ni sahani za santuri, kila upande ukichukua kiasi cha dakika tatu tu, na gramafoni ya kuzipigia haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Sauti ilikaa mahali pamoja, watu wakaiendea: mkahawani, barazani, nyumbani kwa mwenye uwezo. Asiyekuwa na senti alisikiliza sawa na aliyenunua sahani, na aliyechoka na wimbo ilimbidi avumilie mpaka wenziwe waridhike. Sauti yenyewe ilikwaruza. Hapana aliyelalamika, maana hapana aliyepata kusikia iliyo safi zaidi ila mbele ya mwimbaji mwenyewe.

Kaseti ndiyo iliyogeuza mambo. Kampuni ya Philips iliionyesha mjini Berlin mwaka 1963. Utepe wake una upana usiofika milimita 4, nao hupita mbele ya kichwa cha mashine kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, ilhali mashine za studio za zama hizo zilizoea kupitisha sentimita 38 kwa sekunde, na kwenye utepe mpana zaidi. Mwendo ukiwa mdogo, nafasi ya kuandikia sauti ni ndogo. Sauti za juu hupungua, na mvumo wa utepe wenyewe, ule tunaoujua sote, husikika kila msomaji anaponyamaza kuvuta pumzi. Kwa mizani ya sauti peke yake, kaseti ilikuwa ni kurudi nyuma. Lakini bei yake ilikuwa ndogo, ilikaa kwenye mfuko wa kanzu, na zaidi ya yote mtu yeyote aliweza kurikodi. Hapo ndipo mawaidha ya msikitini, maulidi, harusi na taarabu za mitaani zilipoanza kutembea kutoka mji hadi mji bila ya kupitia redio wala kampuni ya santuri. Aliyekuwa Maskati au Dubai aliletewa sauti ya mamake kwenye kaseti ya dakika 60, naye akajibu upande wa pili. Mama asiyejua kuandika hakumhitaji tena mwandishi wa barua, wala jirani wa kumsomea majibu na kuyajua ya ndani. Bei ndogo na wepesi vilinunua kitu kikubwa, na mvumo wa utepe ulikuwa gharama iliyostahili kulipwa. Mfano huu na ukae akilini, kwa maana si kila mara tulipoiuza sauti kwa ajili ya wepesi tulipata badala yenye thamani.

Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ilianza kuuza huko Japani kifaa kilichoitwa Walkman, kwa bei ya yen 33,000. Kilikuwa na uzito wa gramu 390 bila ya betri, na hedifoni nyepesi ya sifongo. Kifaa hiki kilitokana na tepu rekoda ndogo waliyokuwa wakitumia waandishi wa khabari. Mafundi waliondoa sehemu ya kurikodi na pahala pake wakaweka mitambo ya kutoa sauti ya pande mbili. Yaani chombo kilichokuwa na sikio na ulimi kilikatwa ulimi, kikabaki kusikiliza tu. Watu wa biashara walitia shaka kama kitauzika. Mwezi wa kwanza ziliuzwa 3,000, na kufikia mwisho wa Agosti zote 30,000 za mwanzo zilikuwa zimekwisha.

Jambo ninalotaka msomaji alitazame sana ni jingine. Walkman ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho ukikibonyeza muziki unapungua na wasikilizaji wawili wanaweza kusemezana kwa maikrofoni ndogo iliyomo ndani. Akio Morita, mkuu wa kampuni, ameeleza baadaye kwamba alichelea watu wataona ni ukosefu wa adabu mtu mmoja kujifungia na muziki wake mbele ya wenziwe. Kijana wa leo anayeziba masikio huku babake yuasema naye hajui kwamba hata aliyeuza babu wa kifaa chake aliona haya! Lakini wanunuzi hawakuona haya yoyote. Kila mtu alitaka chake. Katika matoleo yaliyofuata kitufe kile kiliondolewa, na mwisho hata lile tundu la pili likapotea.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihya kitabu kizima juu ya adabu za kusikiliza, na humo amenakili kutoka kwa Junayd kwamba kusikiliza kunataka mambo matatu: wakati, mahali na wenzi. Wakati usiwe wa sala au wa chakula au moyo ukiwa umeshughulishwa; mahali pasiwe njiani wala pa karaha; na wenzi wawe watu wa jambo hilo. Sasa tazama kifaa cha mfukoni kinavyosifiwa na wauzaji wake: wakati wowote, mahali popote, peke yako. Mambo matatu aliyoyataja Junayd yameondolewa moja moja, na kuondolewa kwake ndiko kunakouzwa. Sisemi kila upweke ni mbaya. Mgonjwa asiyepata usingizi usiku wa manane, hafidh anayedurusu juzuu yake kwenye feri baina ya Unguja na Pemba, mwanamke apikaye chakula cha watu kumi na hana wa kuzungumza naye, hawa wamepewa neema kwa kifaa hiki, na hapana mwenye haki ya kuwanyang'anya. Ninachosema ni kuwa wepesi una bei isiyoandikwa kwenye karatasi ya dukani, na anayepima vyombo hivi kwa sauti na shilingi peke yake amesahau sehemu ya hesabu.

Tuje kwenye sauti yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo watu hudanganywa zaidi.

Sahani ya CD hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na kwa pande zake mbili inahitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno kupitisha kwenye simu au kuweka katika kompyuta za wakati ule. Wataalamu wa Kijerumani wa taasisi ya Fraunhofer, miongoni mwao Karlheinz Brandenburg, walishughulika kuipunguza, na matokeo yake ni ile MP3 ambayo jina lake lilianza kutumika mwaka 1995. Siri yake imo katika udhaifu wa sikio letu. Ngoma ikipigwa, mnong'ono wa jirani hausikiki ijapokuwa upo. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo. Basi MP3 huvitafuta vile vilivyofunikwa na kuvitupa. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, hubakia sehemu moja katika kumi na moja ya sahani ya CD, na wengi wetu hatutambui kilichopotea.

Lakini Brandenburg alipambana na mtihani asioutarajia. Aliposikia wimbo wa Suzanne Vega uitwao Tom's Diner, uliotoka katika albamu ya mwaka 1987, alijua huo ndio utakaompa tabu, kwani wimbo ule ni sauti ya mwanamke peke yake, bila ya ala yoyote. Alipoupitisha katika mtambo wake ulitoka umeharibika. Ilimbidi ausikilize mara nyingi mno huku akiurekebisha mtambo mpaka sauti ile ikatoka salama. Sababu ni nyepesi kuifahamu: bendi nzima ikipiga, kasoro hujificha nyuma ya ngoma na matarumbeta, sauti ya pekee haina pa kujificha.

Hebu tulitazame hilo sisi tunaosikiliza kisomo. Je, iko sauti iliyo ya pekee zaidi kuliko ya msomaji wa Qur'ani? Hana ngoma, hana udi, hana waitikiaji. Basi tulilolizoea sisi ndilo gumu kuliko yote kwa mitambo hii, nalo ndilo tunalolifanyia uzembe mkubwa zaidi. Mtu atanunua muziki uliorikodiwa vizuri, kisha kisomo akakichukua kwenye memori kadi ya sokoni iliyojazwa faili zilizobanwa mpaka kilobiti 32 au 24, kwa kuwa muuzaji anataka kuandika kwenye paketi kwamba humo mna wasomaji hamsini. Katika kubanwa huko zinazokatwa mwanzo ni sauti za juu, na sauti za juu ndizo zinazopambanua sin na tha, shin na sin. Kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kilichorikodiwa Misri mwaka 1961, khatma nzima kwa tartili, kilifanywa kwa makusudi ili watu wajifunze matamshi yaliyo sawa. Kukisikiliza kikiwa kimebanwa hivyo ni sawa na kusoma msahafu uliofutwa nukta.

Wako wanaodhani dawa ni kuigeuza faili mbovu kuwa ya kilobiti 320. Hilo halisaidii kitu. Kilichotupwa hakirudi, unaongeza maji kwenye mchuzi na kuuita mwingi.

Mwaka 2001, mwezi Oktoba, kampuni ya Apple ilitoa iPod kwa dola 399. Ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 5, na tangazo lake lilisema nyimbo 1,000 mfukoni mwako. Sitakaa sana hapa, kwani kifaa hicho kiliachwa kutengenezwa mwaka 2022 na kazi yake imechukuliwa na simu. Nitataja moja tu: kutoka siku ile sifa ya chombo ikawa ni hesabu. Zamani mtu aliulizwa ana kaseti gani. Sasa huulizwa ana nyimbo ngapi. Na mwenye nyimbo elfu hasikilizi hata mmoja hadi mwisho, kidole chake kiko kwenye kitufe cha kurukia.

Upande wa pili wa uzembe huo umezuka upotofu wa wenye pesa. Wao wanasema CD haitoshi, na kwamba lazima kupima sauti mara 96,000 au 192,000 kwa sekunde. Mwanamuziki Neil Young alichangisha mwaka 2014 zaidi ya dola milioni 6 kwa ajili ya kifaa kiitwacho Pono cha kuchezea faili kubwa za namna hiyo. Kiliuzwa dola 399, na kufikia 2017 shughuli yake ilikuwa imekwisha. Sony nao walitoa mwaka 2016 Walkman ya dola 3,200 hivi, kasha lake shaba iliyopakwa dhahabu, na uzito wake umepita ule wa Walkman ya kwanza. Sijui aliyeinunua huiweka mfuko gani, kanzu ingechanika. Na dhahabu ile haisikiki.

Je, faida ipo? Watafiti wawili wa Boston, Meyer na Moran, walichapisha mwaka 2007 matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wasikilizaji wengi, wakiwemo mafundi wa studio. Waliwasikilizisha sauti ya kiwango cha juu, kisha sauti ile ile ikipitishwa katika kipimo cha CD, bila ya kuwaambia ipi ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia 276. Mwenye kurusha sarafu hewani angepata vivyo hivyo. Watu hao hao wa Boston walikiri kwamba nyingi ya sahani zile za bei ghali zilikuwa na sauti nzuri, lakini kwa sababu aliyezirikodi alikuwa fundi aliyejitahidi, na uzuri huo ulibaki hata baada ya kupunguzwa kufikia kipimo cha CD. Basi uzuri wa sauti huanza kwa mrikodi, huishia kwenye kile kinachogusa sikio, na kilichoko katikati, kikishatimiza kiasi cha wastani, hakistahili pesa zaidi.

Kwa hiyo mwenye fedha ndogo na aigawe hivi. Simu aliyonayo yatosha; asinunue kifaa kingine cha kusikilizia. Atafute rikodi iliyofanywa vizuri na isiyobanwa mno. Kilichobaki chote akitie kwenye iyafoni au hedifoni, na kama simu yake ina tundu, achukue yenye waya. Sababu ni kuwa katika ile ya waya pesa yako yote imekwenda kwenye spika ile ndogo. Katika ile isiyo na waya umenunua vilevile redio, betri mbili, maikrofoni na kisanduku cha kuchajia, na kilichobakia ndicho kimenunua sauti.

Hili la waya lina khabari yake. Septemba 2016 Apple walitoa iPhone 7 isiyo na tundu la hedifoni, na mwishoni mwa mwaka huo wakaanza kuuza AirPods, iyafoni zisizo na waya, kwa dola 159. Mwaka 2020 wakaacha hata kutia iyafoni za waya katika sanduku la simu. Makampuni mengine yaliwacheka, kisha mengi yao yakafuata. Mteja aliyekuwa akipewa iyafoni bure sasa hununua, na anachokinunua kina betri ambayo baada ya miaka michache huchoka na aghalabu haibadiliki. Waya ukikatika fundi wa mtaani huuunga kwa risasi. Iyafoni isiyo na waya ikifa hapana fundi wala maiti wa kuzika, ni takataka. Na sauti ipitayo kwa Bluetooth hubanwa mara ya pili: kwanza ilibanwa kuwa MP3, sasa inabanwa tena ili ipite hewani. Kwa iyafoni nzuri na muziki wa kawaida madhara yake ni madogo, sitaki kuyakuza. Wepesi wake ni wa kweli, khasa kwa fundi cherehani au dereva wa boda ambaye waya humsonga. Ila dereva wa boda asivae chochote masikioni, lakini hilo ni jingine.

Pana ila moja ya Bluetooth ambayo walimu wenzangu hawana budi kuijua. Maikrofoni ya iyafoni hizo ikifunguliwa, yaani mtu anapozungumza kwa simu au anaposomeshwa kwa njia ya simu, sauti hushuka ghafla kwenye kiwango cha simu za kale. Katika njia iliyo ya chini hupimwa mara 8,000 tu kwa sekunde, na kwa kipimo hicho hapana sauti ya juu ya hezi 4,000 inayoweza kupita. Nguvu za herufi sin ziko juu ya hapo. Tangu masomo ya mbali yalipoenea mwaka 2020 nimesomesha watoto walioko ng'ambo kwa njia hii, na mtoto akisoma kwa iyafoni za Bluetooth fa na tha zake hunijia kama kitu kimoja. Namsahihisha, kumbe yeye amesema sawa. Au anakosea nami sijui. Sasa kila mwanafunzi huambiwa achomoe vitu hivyo na asome mbele ya simu yenyewe, au atumie waya.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika sikio la ndani mna seli zenye vinyweleo vidogo sana zinazogeuza mtetemo kuwa sauti tunayoitambua. Hazioti tena zikifa. Shirika la Afya Duniani limesema kuwa vijana zaidi ya bilioni 1, wa baina ya miaka 12 na 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza kwa sauti kubwa, na kipimo chake ni hiki: sauti ya desibeli 80 mtu mzima aweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikipanda kufika 90, saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, dakika 20 kwa wiki nzima. Kwa mtoto wamepunguza, desibeli 75 kwa saa 40. Kila ziongezekapo desibeli 3 muda hupungua nusu, na kidole cha kijana hakihisi uzito wowote kikizipandisha.

Kwa nini apandishe? Mara nyingi si ukaidi. Yumo ndani ya daladala au matatu, injini inanguruma, utingo anapiga kelele, na iyafoni zake za bei ndogo hazizibi sikio. Kelele za nje huingia pembeni, naye huongeza muziki ili uzishinde. Huongeza mpaka wa kiti cha nyuma wakausikia. Angekuwa na iyafoni zenye vifuniko laini vya mpira vinavyokaa barabara ndani ya sikio, kelele zingepungua na angesikiliza kwa nusu ya nguvu ile. Hapa, ndugu msomaji, ndipo ninapotofautiana na wazazi wanaosema sauti nzuri ni anasa na kijana atosheke na ya bei ya chini kabisa. Anayemnunulia mwanawe kitu kisichoziba na kinachokwaruza amemfundisha kupandisha sauti. Shilingi chache za ziada hapo ni kinga. Kisha mzazi aende kwenye mipangilio ya simu aweke kikomo cha sauti, kwa kuwa simu nyingi zinacho, na amwambie mtoto kwa nini. Dalili ya kwanza ni mlio masikioni usiokoma wakati wa kulala. Anayeusikia mlio huo na akaendelea, wahenga wamekwisha mtaja: sikio la kufa halisikii dawa.

Na anayeziba sikio vizuri asitembee barabarani nalo likiwa limezibwa. Honi haina njia nyingine ya kuingia.

Lile la binti alipaye kila mwezi ni hesabu tu, basi tuihesabu. Kwa kilobiti 24 kwa sekunde, saa moja ya kusikiliza hula megabaiti 11. Kwa kilobiti 96, kiasi cha 43. Kwa 320, megabaiti 144. Na kwa sauti kamili ya CD isiyobanwa, 635, ijapokuwa ziko njia za kuibana bila ya kuipoteza zikaifikisha kiasi cha nusu au zaidi kidogo. Wengi huiacha programu ichague yenyewe, nayo ikiona mtandao una nguvu huchukua kiwango kikubwa, na bando yakwisha kabla ya Ijumaa. Aingie ndani achague mwenyewe: mawaidha na hadithi yatosha kilobiti 64, kisomo na nyimbo 128 hadi 160. Kilicho bora zaidi apakue mara moja palipo na mtandao wa bure, kisha asikilize mara mia bila ya kulipa tena. Wimbo ule ule ukiuomba kila siku kutoka hewani unaununua kila siku. Lakini kulipa kila mwezi ni kupanga nyumba. Mwezi asipolipa hutolewa nje, na hana hata msumari wa kuondoka nao. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali hii hata ikiwa na daftari si yake.

Ndiyo maana yule wa tatu, mwenye kasha la kaseti, nimemwambia asitupe hata moja. Humo mna sauti ya babake akitoa darsa, mna harusi ya dadake, na nyimbo ambazo hakuna kampuni itakayoziweka kwenye simu kwa kuwa hazikupata kuwa za kampuni. Utepe haungoji. Unyevu wa pwani huutia ukungu, na zile kaseti za dakika 120, kwa wembamba wake, hukatika haraka kuliko za 60. Atafute redio kaseti iliyo nzima, kichwa chake akisafishe kwa pamba na spiriti. Avunje vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti ili pasitokee mkono wa kurikodi juu yake. Kaseti iliyolala miaka aizungushe kwanza mpaka mwisho na kuirudisha, ndipo aipige. Asiweke simu mbele ya spika, maana atarikodi na feni na jogoo wa jirani. Avute waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta. Arikodi kwa kipimo cha 44,100 bila ya kubana, kisha nakala nyepesi ya kusikiliza aitoe kutoka hiyo. Kadi ya gigabaiti 64 itachukua karibu saa 100 za namna hiyo. Afanye kadi mbili, moja aiweke kwa dadake, na kila faili aiandike jina la msemaji, mahali na mwaka, akianza na zile ambazo wazee waliohudhuria bado wahai na waweza kumwambia nani ni nani.